Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: jinsi vimeng'enya vya bakteriofaji vinavyobomoa ukuta wa bakteria

Majibu haya yanamfaa yeyote aliyewahi kusoma biolojia ya sekondari. Pale ambapo watu hukwama, hasa kwenye suala la muda na suala la dawa, nimeeleza kwa kirefu. Kwingine nimepita haraka.

Bakteriofaji ni nini?

Ni virusi vinavyoshambulia bakteria peke yao. Frederick Twort aliandika juu ya athari zake jijini London mwaka 1915. Mwaka 1917 Félix d'Hérelle, aliyekuwa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, aliikuta hali hiyohiyo alipokuwa akichunguza vinyesi vya wagonjwa wa kuhara damu, naye ndiye aliyevipa virusi hivyo jina. Kwa mkato huitwa faji.

Faji hujibandika juu ya bakteria, huingiza jenomu yake ndani, na kuanzia hapo bakteria hutengeneza sehemu za faji mpya badala ya kushughulika na mambo yake. Muda si mrefu ndani kunakuwa na faji mia moja au zaidi, zote zimekamilika, zote zimefungiwa. Vimeng'enya tunavyovizungumzia hapa ndivyo vinavyozifungulia.

Ukuta wenyewe umejengwa kwa nini?

Kwa peptidoglikani. Chukua sukari za aina mbili, N-asetiliglukosamini na asidi ya N-asetilimurami, uziunganishe kwa kupishana hadi upate uzi mrefu. Kila asidi ya murami ina mkia mfupi wa asidi amino, na mkia huo hushikana na mkia wa uzi wa jirani. Viungo hivyo vikienea pande zote, ukuta mzima unakuwa kama molekuli moja kubwa inayomzunguka bakteria.

Katika mikia hiyo mna asidi amino za umbo la D, ambazo ribosomu haiziingizi kwenye protini za kawaida. Katika Staphylococcus aureus, mkia na mkia huunganishwa kwa daraja la glisini tano. Ni kitu kidogo, lakini kuna vimeng'enya vinavyolenga daraja hilo tu na kuacha mengine yote.

Bakteria wa Gram chanya, kama Staphylococcus na Streptococcus, wana ukuta mnene wa kati ya nanomita 20 na 80. Bakteria wa Gram hasi, kama Escherichia coli, wana ukuta wa nanomita chache tu, ila juu yake wameongeza utando wa nje. Tofauti hii ishike vizuri, kwa sababu itarudi kila mahali.

Kwa nini tundu moja tu ukutani linatosha kumuua?

Kwa sababu ya msukumo wa ndani. Seli ya bakteria imejaa chumvi, sukari na protini kuliko maji yanayoizunguka, kwa hiyo maji huingia bila kukoma. Katika bakteria wa Gram chanya msukumo huo unaweza kufika atmosfia 20 hivi, takriban mara kumi ya upepo unaojazwa kwenye tairi la gari dogo. Utando wa seli ni laini kama tyubu, na ukuta ndio tairi lenyewe. Tairi likichanika, tyubu huchomoza pale palipochanika, huvimba, kisha hupasuka. Kwenye picha za darubini ya elektroni, utando huonekana ukitokeza nje kupitia tundu kabla ya seli kubaki ganda tupu.

Kimeng'enya, basi, hakihitaji kuumaliza ukuta. Kinakata viungo vya kutosha mahali pamoja, na maji yanamalizia kazi.

Vimeng'enya hivi vinaitwaje, na vinakata wapi?

Vinaitwa endolisini, na vimegawanyika kufuatana na kiungo kinachokatwa. Muramidasi na glukosaminidasi hukata uzi wa sukari, kila kimoja upande wake wa kiungo. Amidasi hukata pale mkia wa asidi amino unapoungana na sukari. Endopeptidasi hukata katikati ya mikia au kwenye madaraja.

Kuna pia transglikosilasi. Nazo hukata uzi wa sukari, lakini bila kutumia molekuli ya maji. Endolisini ya faji lambda iko katika kundi hili, ile ya faji T4 ni muramidasi, na ile ya T7 ni amidasi. Faji zote tatu zinamla E. coli yuleyule, ukuta uleule, na kila moja imepata mahali pake pa kukata. Binafsi naona hili ni moja ya mambo ya kupendeza zaidi katika somo zima.

Kama endolisini ni kali hivyo, mbona haimuui bakteria mapema, kabla faji mpya hazijakamilika?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote, na jibu lake liliwachukua watafiti muda mrefu.

Katika faji nyingi endolisini hutengenezwa na kulundikana ndani ya seli huku ukuta ukiwa upande wa pili wa utando. Haina njia ya kuvuka. Anayefungua njia ni protini nyingine iitwayo holini. Holini hujipenyeza kwenye utando kidogokidogo bila madhara yoyote. Bakteria huendelea kupumua na kutengeneza protini kama kawaida. Kisha, kwa ghafla, holini zote hukusanyika na kutoboa utando. Katika faji lambda matundu hayo yamepimwa na wastani wake ni nanomita 340. Hilo ni tundu kubwa ajabu kwa seli yenye upana wa nanomita elfu moja hivi. Endolisini yote iliyokuwa imengoja humwagikia ukutani, na bakteria hupasuka ndani ya sekunde chache.

Ushahidi ni rahisi kuuona maabara. Faji T4 ikiharibiwa jeni ya holini, bakteria aliyeambukizwa hapasuki. Endolisini inazidi kujaa ndani, kimiminika kinabaki na ukungu. Ongeza matone ya kloroformu na utikise: kloroformu huharibu utando, yaani hufanya kazi ya holini, na kimiminika huwa cheupe kama maji. Kimeng'enya kilikuwepo muda wote.

Saa yenyewe imetegwaje? Jeni ya holini ya lambda hutoa protini mbili, moja ya asidi amino 105 na nyingine ya 107. Ile fupi ndiyo inayotoboa. Ile ndefu imezidi kwa asidi amino mbili tu, mojawapo yenye chaji chanya, na kazi yake ni kumzuia mwenzake. Uwiano wa hizo mbili husaidia kupanga muda, ambao kwa lambda ni dakika 50 hivi baada ya maambukizi kuanza kwenye nyuzi joto 37. Ukiharibu nishati ya utando kabla ya wakati, kwa mfano kwa sayanidi, holini hufyatuka papo hapo.

Kuna faji zinazofanya tofauti?

Zipo. Endolisini ya faji 21 huvushwa utando mapema, lakini hubaki imenasa kwenye utando kwa ncha yake ya mbele, ikiwa imelala. Holini yake hutoboa vitundu vidogo visivyoweza kupitisha protini. Vinachofanya ni kuua nishati ya utando tu; endolisini huachiliwa, hujikunja upya na kuanza kukata.

Faji ndogo mno hazina nafasi ya jeni ya endolisini kabisa. ΦX174 hutumia protini moja inayozuia kimeng'enya cha bakteria kinachoshiriki kutengeneza malighafi ya ukuta. Bakteria anapojaribu kukua na kujigawa, ukuta unakosa vifaa, na anapasuka kwa juhudi zake mwenyewe. Halafu kuna faji za umbo la uzi, kama M13, ambazo hutoka zikipenya taratibu na kumwacha bakteria hai.

Na bakteria wenye utando wa nje? Ukuta ukibomoka, utando huo si bado upo?

Upo, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba utachanika wenyewe. Kumbe sivyo. Faji lambda ina jeni mbili, Rz na Rz1, ambazo protini zake, spanini, huunganisha utando wa ndani na ule wa nje. Kundi la Ry Young katika Chuo Kikuu cha Texas A&M lilionyesha mwaka 2012 kwamba bila spanini, bakteria ambaye ukuta wake umeshakatwa hugeuka kuwa tufe na kubaki hivyohivyo, faji zikiwa bado zimenaswa ndani.

Kwa hiyo kwa Gram hasi kuna hatua tatu: holini kwa utando wa ndani, endolisini kwa ukuta, spanini kwa utando wa nje. Vitabu vingi vya shule bado vinataja ya katikati peke yake.

Je, faji hukata ukuta pia wakati wa kuingia?

Ndiyo, lakini kwa kiasi. Ncha ya mkia wa T4 imebeba lisozimu yake, yaani kimeng'enya cha kukata uzi wa sukari, tofauti na kile cha kutokea, na ndiyo inayofungua kitundu cha kupitishia DNA. Bakteria akivamiwa na faji nyingi mno kwa wakati mmoja hupasuka kutoka nje, kabla faji mpya hata moja haijatengenezwa.

Lisozimu ya machozi na ya ute wa yai ni kitu hichohicho?

Kazi ni ileile, asili ni tofauti. Alexander Fleming aliigundua lisozimu miaka kadhaa kabla ya penisilini na kuitangaza mwaka 1922. Alianzia na kamasi zake mwenyewe alipokuwa na mafua, kisha akaikuta kwenye machozi, mate na ute mweupe wa yai. Lisozimu ya yai la kuku ina asidi amino 129. Ya faji T4 ina 164, na mpangilio wao haufanani. Hata hivyo zote mbili hukata kiungo kilekile cha sukari.

Lisozimu ya yai ndiyo inayofaa kuonyeshwa darasani. Bakteria wakavu waliokwisha kuuawa wa Micrococcus huuzwa kwa ajili hiyo. Wakoroge kwenye maji yenye bafa hadi yawe kama maziwa yaliyozimuliwa, ongeza ute kidogo uliochanganywa na maji, uweke neli mbili sambamba, moja isiyo na ute. Andiko lililobandikwa nyuma ya neli yenye ute huanza kusomeka wakati lile la pili bado limefichwa na ukungu. Mwenye spektrofotomita apime kwenye nanomita 450 na achore grafu.

Endolisini zinatofautianaje na penisilini?

Penisilini huzuia ujenzi. Huvishika vimeng'enya vya bakteria vinavyounganisha mikia ya asidi amino, kwa hiyo humwathiri bakteria anayekua. Aliyetulia bila kukua anaweza kunusurika. Endolisini inakata ukuta uliokwisha kujengwa, kwa hiyo haingoji bakteria akue.

Kasi yake ikoje hasa?

Mwaka 2001 Daniel Nelson, Lawrence Loomis na Vincent Fischetti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walieleza endolisini ya faji C1, ambayo leo huitwa PlyC. Nanogramu 10 zake zilimaliza streptokoki wa kundi A wapatao milioni 10 ndani ya sekunde 5. Bakteria hao ndio wanaoleta maambukizi ya koo, ambayo yasipotibiwa huweza kuzaa homa ya baridi yabisi na kuharibu vali za moyo.

Wazo la jaribio hilo ndilo lililofungua ukurasa mpya. Faji hukata kutoka ndani, lakini ukuta mnene wa Gram chanya hauna utando juu yake. Kimeng'enya kilichosafishwa na kumwagwa kutoka nje kinaufikia moja kwa moja, bila holini, bila faji yenyewe. Mwaka uleule ilielezwa endolisini iitwayo Pal inayomuua Streptococcus pneumoniae, msababishi mkubwa wa nimonia, na mwaka 2002 ikafuata PlyG dhidi ya bakteria wa kimeta.

Mbona PlyC haimgusi Staphylococcus?

Endolisini nyingi za faji za Gram chanya zina sehemu mbili. Moja inakata, nyingine inashika. Ile inayoshika hutafuta kitu mahsusi juu ya ukuta, kwa mfano kolini iliyoko kwenye ukuta wa pneumokoki (Streptococcus pneumoniae), na isipokipata kimeng'enya hakitulii mahali na hakikati inavyotakiwa. PlyC ina muundo wa pekee: kipande kimoja cha kukata kimekaa juu ya duara la vipande vinane vya kushika.

Kwa mgonjwa uteuzi huu ni faida. Antibiotiki za kawaida huwafyeka pia bakteria wa utumbo wanaotusaidia. Endolisini iliyochaguliwa vizuri inawaacha. Hasara yake ni kwamba daktari lazima ajue anapambana na bakteria gani, na maabara nyingi za wilaya hazina uwezo wa kuotesha sampuli na kutoa jibu haraka. Wanaoisifia teknolojia hii mara nyingi hulisahau hilo.

Inaweza kukata seli zetu?

Hapana. Seli za binadamu hazina peptidoglikani. Mambo ya kuangaliwa ni mengine: endolisini ni protini, kwa hiyo mwili unaweza kutengeneza kingamwili dhidi yake, haidumu muda mrefu kwenye damu, na bakteria wengi wakipasuka kwa pamoja mabaki yao huweza kuchochea uvimbe mkali.

Bakteria hawawezi kuzizoea?

Watafiti waliowaweka bakteria mara kwa mara kwenye dozi ndogo za endolisini kadhaa hawakupata wenye usugu kirahisi, tofauti na inavyotokea kwa antibiotiki nyingi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba faji zimechagua viungo ambavyo bakteria hawezi kuvibadilisha bila kujiumiza.

Lakini neno "haiwezekani" silikubali. Lisozimu yetu wenyewe haimuwezi Staphylococcus aureus kwa sababu bakteria huyo huongeza kikundi cha asetili kwenye sukari za ukuta wake. Na dhidi ya lisostafini, kimeng'enya kisicho cha faji kinachokata daraja la glisini, bakteria hao wameonekana wakibadilisha daraja lenyewe. Wengine waliofanya hivyo walijikuta wakiathirika zaidi na dawa za jamii ya penisilini.

Kuna dawa tayari hospitalini?

Iliyofika mbali zaidi kwa maambukizi ya damu ni exebacase, ya kampuni ya Marekani ContraFect, dhidi ya Staphylococcus aureus. Iliwekwa kwenye mshipa mara moja, pamoja na antibiotiki za kawaida. Matokeo ya awamu ya pili ya majaribio, yaliyochapishwa 2020, yaliamsha matumaini makubwa: kati ya wagonjwa wenye MRSA, yaani wale wenye bakteria sugu kwa methisilini, 74.1% waliitikia tiba kufikia siku ya 14, dhidi ya 31.3% waliopewa antibiotiki peke yake.

Kundi hilo, hata hivyo, lilikuwa dogo. Awamu ya tatu ilisimamishwa mwaka 2022 baada ya tathmini ya katikati kuonyesha kwamba jaribio halingefikia lengo lake, na mwaka uliofuata kampuni ikafilisika. Iliniuma, na nadhani iliwauma wengi wanaofuatilia usugu wa dawa, janga ambalo kwa makadirio yaliyochapishwa na jarida la Lancet lilisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 mwaka 2019. Kuua bakteria kwenye neli ndani ya sekunde 5 ni jambo moja. Kumfikia bakteria aliyejificha kwenye mfupa au kwenye vali ya moyo ni jambo lingine. Njia bado haijafungwa: kuna endolisini nyingine zinazochunguzwa, zikiwemo za kupaka kwenye ngozi, ambako kulifikia lengo ni rahisi zaidi.

Kwa hiyo mwenye kidonda kisichopona aende kupimwa na atumie dawa aliyoandikiwa. Asingoje endolisini.

Kwa Gram hasi kumefanyika nini?

Kikwazo ni ule utando wa nje. Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, wameziunganisha endolisini na peptidi fupi zinazovuruga utando huo, wakazipa jina la artilisini. Zipo pia endolisini chache za asili zenye mkia wa chaji chanya unaopenya wenyewe, kwa mfano PlyF307, iliyoelezwa 2015, dhidi ya Acinetobacter baumannii. Bakteria huyo ni tishio kubwa kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi, na baadhi ya aina zake hazisikii karibu dawa yoyote.

Zinatumika nje ya tiba?

Lisozimu ya yai huwekwa kwenye baadhi ya jibini za Ulaya ili Clostridium tyrobutyricum asiipasue kwa gesi. Kwenye lebo ni E1105. Maabara huitumia kila siku kufungua bakteria ili kutoa DNA. Endolisini zenyewe, hasa zile dhidi ya Listeria, zimechunguzwa sana kwa ajili ya usalama wa vyakula.

Vipi kuhusu kifua kikuu?

Swali hili kwetu lina uzito wake, na kibiolojia ni gumu kweli. Mycobacterium tuberculosis ana peptidoglikani, juu yake tabaka la sukari liitwalo arabinogalaktani, na juu ya hilo asidi za mikoli, mafuta marefu yanayoufanya ukuta ukatae maji na dawa nyingi. Endolisini ya kawaida haina la kufanya hapo nje.

Faji za mikobakteria zimetatua tatizo hilo kwa kubeba vimeng'enya viwili. Lisini A hukata peptidoglikani. Lisini B ni esterasi: hukata kiungo kati ya asidi za mikoli na arabinogalaktani, na hivyo kuling'oa tabaka la mafuta kutoka kwenye ukuta. Umbo la lisini B ya faji D29, ambayo humshambulia hata Mycobacterium tuberculosis, lilichapishwa mwaka 2009. Faji iliyoharibiwa jeni hiyo bado hutoka, ila kwa kuchelewa na kwa idadi ndogo zaidi.

Kuitumia lisini B kama dawa kunahitaji kuvuka kizuizi kingine. Mgonjwani bakteria hawa huishi ndani ya makrofaji, seli za kinga za mapafu, na protini kubwa haiingii humo kirahisi; kwa hiyo wanaolishughulikia suala hili wanatafuta kwanza namna ya kuifikisha ndani ya seli hizo.